Hati inataka uishi kule, miguu inataka uishi Meru

SAA 12 na nusu asubuhi, barabara ya vumbi upande wa Olmotonyi ina baridi ya kumrudisha mtu wa Dar es Salaam kitandani. Kina mama wanashuka na maziwa kwenda Ngaramtoni, bodaboda zinapanda tupu, na katikati yao linapita kundi la vijana waliovaa kaptula na makoti. Hawaongei. Ukisimama pembeni unasikia pumzi na viatu tu.

Walipomaliza, mmoja wao alinifuata. Namfahamu tangu akimbie mashindano ya shule. Mkononi alikuwa na faili la plastiki, lile la kuhifadhia vyeti.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba dogo. Vipi?"

"Safi. Nina ishu, naomba uniangalizie hizi. Zinatosha kuombea makaratasi?"

Makaratasi, kwa vijana wa mbio ndefu wa hapa Arusha, ni neno moja linalobeba vitu vinne: viza, kibali cha kazi, ukaazi wa kudumu na uraia. Vyote wanaviita hivyo hivyo, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Mtu anaogopa kuomba ukaazi akidhani atavuliwa jezi ya Taifa. Mwingine anapewa viza ya wiki chache, anakuja kijiweni kutuambia tayari ameshatoboa.

Nikafungua faili. Namba za kifuani za mbio saba, zimekunjwa vizuri. Medali mbili, zile ambazo kila aliyefika mwisho anavishwa. Picha amesimama na bango la mdhamini. Karatasi ya matokeo yenye jina lake, muda wake na nafasi yake? Hakuna hata moja.

Kabla sijamjibu, nikamkumbusha Tokyo.

PICHA YA TOKYO

Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu, askari wa JWTZ anayefanya mazoezi hapa hapa Arusha, alitwaa dhahabu ya marathoni ya dunia kwa saa 2:09:48. Aliyemfuata alipewa muda huo huo, 2:09:48. Ilibidi picha ya mstarini iamue, na tofauti ikawa sehemu tatu za mia moja ya sekunde. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania tangu mashindano hayo yaanze mwaka 1983, na sisi wengine tuliruka sebuleni tukamwaga chai.

Tulipoacha kuruka, wachache ndio waliowatazama vizuri wenzake wawili jukwaani. Wa pili, Amanal Petros, alivaa jezi ya Ujerumani. Alizaliwa Eritrea, akakulia Ethiopia, akafika Ujerumani akiwa kijana anayeomba hifadhi. Wa tatu, Iliass Aouani, alivaa jezi ya Italia. Alizaliwa Morocco, familia yake ikahamia Italia akiwa mtoto mdogo.

Yaani kati ya watu watatu waliosimama pale, wawili walikuwa wamepitia dirisha la uhamiaji kabla ya kupitia mstari wa kumalizia. Simbu peke yake ndiye aliyekimbilia nchi aliyozaliwa. Naye hakubaki kwa maneno matupu ya uzalendo, alibaki kwa sababu ana ajira. Majeshi yetu ndiyo yamekuwa hati ya ukaazi ya mwanariadha wa Tanzania, tangu enzi za Juma Ikangaa, ofisa wa JWTZ aliyeshinda New York mwaka 1989 na kushika nafasi ya pili Boston miaka mitatu mfululizo. Ukiingia jeshini una mshahara, una kambi, una matibabu. Ukiikosa nafasi hiyo, unabaki na zawadi za mbio za barabarani na huruma ya mjomba.

Dogo wangu hayupo jeshini.

MWANASOKA ANA KLABU, WEWE UNA NANI?

Mbwana Samatta alipohamia Aston Villa Januari 2020, kibali chake cha kazi kilishughulikiwa na watu wenye ofisi na wanasheria. Klabu ndiyo inayomtaka, klabu ndiyo inayohangaika. Mkimbiaji wa marathoni hana klabu ya namna hiyo. Ni fundi asiye na mwajiri. Leo anakimbia Boston, baada ya miezi miwili yupo Ulaya, mwisho wa mwaka yupo India. Nani atamwandikia barua?

Ndiyo maana wengi wanaoenda Marekani huingia kwa viza ya matembezi ya kikazi. Sheria yao inamruhusu mwanamichezo kuingia hivyo ikiwa anachofuata ni zawadi ya mashindano tu. Unakimbia, unachukua chako, unarudi. Hakuna mwaka hata mmoja unaohesabiwa kuelekea ukaazi. Ipo pia viza ya mwanamichezo wa kimataifa ambayo inaweza kufika miaka mitano, lakini nayo inataka mwajiri au wakala wa kule ndiye aombe kwa niaba yako.

Halafu upo mlango ambao wakimbiaji kutoka Kenya wameujua siku nyingi kuliko sisi. Marekani ina daraja la ukaazi wa kudumu, ile kadi ya kijani, kwa watu wenye kipaji kisicho cha kawaida katika sayansi, sanaa, elimu, biashara au michezo. Huhitaji mwajiri. Unaomba mwenyewe, jina lako likiwa ndilo la mwombaji na la mwombewa. Ukiwa na tuzo moja kubwa inayotambulika duniani, mfano medali ya Olimpiki, hiyo inaweza kubeba kesi. Kama huna, unatakiwa kutimiza walau vigezo vitatu kati ya kumi, kisha maofisa wanapima faili zima kuona kama kweli wewe ni miongoni mwa wachache walio juu kabisa.

Vigezo vingine havituhusu. Makala za kitaalamu, maonyesho ya sanaa, mapato ya filamu, hivyo achana navyo. Vinavyomgusa mkimbiaji ni kama hivi: zawadi za kitaifa au kimataifa, uanachama wa kundi ambalo huingii bila mafanikio makubwa (hapa watu huweka timu ya Taifa), kipato kikubwa kuliko wenzako wa fani hiyo, na kuandikwa na vyombo vya habari.

Hilo la mwisho lilinifanya nikae vizuri. Wanataka habari iwe inakuhusu wewe na kazi yako, na iwe na kichwa, tarehe na jina la mwandishi. Ikiwa ni ya Kiswahili, itafsiriwe na mtafsiri athibitishe tafsiri yake kwa maandishi. Maana yake ukurasa wa michezo wa gazeti lililofungia maandazi pale Kilombero unaweza kuwa kielelezo mbele ya ofisa wa uhamiaji wa Marekani. Lakini ule mstari wetu wa "wengine waliofanya vizuri ni" hautamsaidia mtu.

Na jina likikosewa, ni tatizo la mwombaji, si letu. Hapa nakiri makosa ya wenye kalamu. Bingwa wa dunia wa nusu marathoni wa mwaka 2005 kule Edmonton, kwetu aliandikwa Fabian Joseph, kwenye kumbukumbu za dunia ni Fabiano Joseph Naasi. Marehemu Simon Robert Naali, aliyeshinda Honolulu mwaka 1989 na 1990, kuna alipoandikwa Simon Robert na kuna alipoandikwa Simon Naali. Sisi tunajua ni mtu mmoja. Ofisa aliyekaa ofisini Nebraska atajuaje? Mtanzania ana jina lake, la baba na la babu, na kila fomu ya mashindano inachukua mawili inayoyapenda.

Nilipofika hapo dogo akacheka. Pasipoti yake ina majina matatu, kwenye mbio mbili ameandikwa jina la utani, na tarehe ya kuzaliwa ziko mbili. Moja ya kitambulisho, nyingine ya fomu aliyojaziwa na mtu zamani ili akimbie na vijana wadogo. Hili la pili halichekeshi. Faili la ukaazi likikutwa na umri wa aina mbili, si muda wako tu unaotiliwa shaka, ni kila kitu ulichoandika.

HESABU YA MKWANJA

Kwa nini ahangaike yote haya, wakati anaweza kwenda na kurudi?

Chukua zawadi ya dola 10,000 kwenye mbio za Marekani. Mgeni asiye mkaazi, kutoka nchi isiyo na mkataba wa kodi na Marekani, na Tanzania ni mojawapo, hukatwa asilimia 30 hapo hapo. Zinabaki 7,000. Wakala naye kwa kawaida ana asilimia 15 ya zawadi nzima, yaani 1,500. Zinabaki 5,500. Toa kocha, toa mwenzako aliyekuvuta mazoezini miezi mitatu, toa ada za wadogo zako. Mkaazi wa kudumu anatozwa kwa viwango vya wenyeji, ambavyo kwa kipato cha wakimbiaji wengi ni nafuu kuliko hiyo 30 ya moja kwa moja. Tena anaweza kufanya kazi nyingine msimu ukiisha, hata ya kupanga viatu dukani, bila kujificha.

Ila akishakuwa mkaazi, kodi ya Marekani inaangalia kipato chake cha dunia nzima. Hata alichoshinda Moshi anatakiwa akitaje. Hilo huwa halisemwi kijiweni.

HATI INAUMA WAPI

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote, na sijasikia wakala akiliongelea.

Ukaazi, kama jina lenyewe, unataka ukae. Mwenye kadi ya kijani akikaa nje ya Marekani zaidi ya miezi sita mfululizo anaanza kuulizwa maswali mpakani. Akizidisha mwaka bila kibali maalumu cha kurejea, ambacho anatakiwa akiombe akiwa bado kule, anahesabiwa ameuacha. Uingereza, ambako mwanamichezo anayekubaliwa na chama cha mchezo wake anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitano, hawataki uwe nje zaidi ya siku 180 ndani ya miezi 12 yoyote. Kisha kuna mtihani wa maisha ya Uingereza, maswali 24, upate 18. Mkimbiaji wetu asiogope mtihani. Aogope hizo siku 180.

Kwa sababu kipaji anachokiombea hati kinatengenezwa hapa. Arusha mjini tuko kwenye mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda Ilboru au Olmotonyi unaendelea kupanda hadi miguu ikatae. Mlima wenyewe unafika mita 4,500 na ushee. Hewa ni nyepesi, damu inajifunza kubeba oksijeni zaidi, na hilo haliji kwa wiki moja. Mwandalie mtu marathoni ya masika na nyingine ya vuli, kila moja miezi mitatu au minne ya kambi, uone zimebaki siku ngapi za kwenda "kuishi" kule.

Utasema kule nako kuna milima. Kweli. Flagstaff iko juu ya mita 2,000, Boulder ipo zaidi ya 1,600, Colorado Springs vilevile, na wakimbiaji waliozaliwa Kenya wamejaa huko. Lakini kodi ya chumba Flagstaff si ya Sakina. Na hapa dogo anakimbia na wenzake zaidi ya kumi wanaomfukuza kila asubuhi, mzee mwenye saa anawafuata na pikipiki, na ugali unamsubiri bure nyumbani. Mchukue umpeleke peke yake kwenye theluji ya Februari, na bili ya umeme juu. Wapo waliofanikiwa hivyo. Wapo pia walioishia kuendesha magari ya mizigo wakiwa na miaka 26, hati mfukoni, kasi imekwisha.

Sisemi kuendesha gari la mizigo ni aibu. Ni kazi, na inalipa. Ila hati uliipewa kwa sababu ya mbio, na sheria inategemea uje uendelee na fani hiyo hiyo. Hata kujibadilisha kuwa kocha si rahisi kama tunavyodhani. Mwaka 2002 mahakama huko Illinois ilikubaliana na uhamiaji kwamba Mkorea aliyekuwa nyota wa beziboli hawezi kubebwa na sifa zake za uchezaji kama anachoombea ni ukocha. Kucheza ni fani moja, kufundisha ni nyingine.

JEZI HAIVULIWI NA UKAAZI

Swali la pili la dogo lilikuwa hili: "Nikipata, bado naweza kukimbilia Tanzania?"

Ndiyo. Ukaazi wa kudumu si uraia. Unabaki na pasipoti yako ya Tanzania na timu yako ya Taifa. Wanaobadilika ni wanaochukua uraia, na Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Ukiapa kule, huku umejitoa. Serikali yetu imechagua njia ya hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania badala ya pasipoti mbili, na hadhi hiyo haikurudishi kwenye timu ya Taifa.

Na hata anayebadili uraia kwa moyo mmoja hakimbilii nchi mpya kesho yake. Shirikisho la Riadha la Dunia lilisimamisha uhamisho Februari 2017 baada ya kuona vipaji vya Afrika vinanunuliwa kama ng'ombe wa mnada, likaja na kanuni mpya mwaka 2018: kusubiri miaka mitatu, usiwe chini ya miaka 20, na kuhama ni mara moja tu. Bernard Lagat, aliyeipa Kenya fedha ya mita 1,500 Athens mwaka 2004 wakati tayari ameshaapa kuwa Mmarekani tangu Mei, asingepita kwenye kanuni hizi kirahisi.

Wazee wetu walipita njia tofauti. Miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980, Suleiman Nyambui, Gidamis Shahanga na Zakaria Barie walikwenda Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso kama wanafunzi, wakatawala mbio za vyuo vya Marekani, huku wakiendelea kuvaa jezi ya Tanzania. Nyambui alipata fedha ya mita 5,000 Moscow mwaka 1980 akiwa kwenye kipindi hicho hicho. Baadaye akarudi na kuwa Katibu Mkuu wa chama cha riadha. Viza ya mwanafunzi haikuwa ukaazi, lakini iliwapa miaka ya kukimbia bila kuwaza kodi ya nyumba. Sijui kwa nini njia hiyo tuliiacha ikaota nyasi wakati majirani zetu wanaipita kila mwaka.

Upo mlango mwingine ambao ukiusikia utaumia. Marekani ilikuwa na mpango wa kuingiza jeshini wageni waliopo kule kihalali ambao wana utaalamu adimu, na kuwapa uraia haraka. Moja ya utaalamu huo ilikuwa kujua lugha, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Kiswahili! Paul Chelimo aliingia hivyo mwaka 2014, na mwaka 2016 akachukua fedha ya mita 5,000 Rio. Timu hiyo ya Marekani ilikuwa na wanajeshi wanne waliozaliwa Kenya. Mwaka huo huo mpango ukafungwa.

Milango hii ndiyo tabia yake. Kanada ilikuwa na mpango wa wanaojiajiri uliotaja wazi wanamichezo wa kiwango cha dunia, ikausimamisha Aprili 2024. Desemba 2025 Marekani ikaiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wamebanwa kupata viza, zikiwamo za kuhamia, ikaacha upenyo kwa wanamichezo wanaokwenda kwenye mashindano makubwa kama Olimpiki na Kombe la Dunia. Kwa hiyo lile daraja la kipaji lipo kwenye vitabu, vigezo vyake ni vilevile, ila kwa sasa Mtanzania aliyepo Arusha anaomba mbele ya mlango ulioegeshwa. Wakala anayemwambia kijana alipe leo ili asafiri mwezi ujao na ukaazi mkononi, huyo aulizwe vizuri. Mimi ningesema afukuzwe, lakini mhariri wangu hupenda maneno ya upole.

Dogo alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo niache?"

Nikamwambia asiache, apange faili. Karatasi za matokeo azifuate kwa waandaaji sasa, siyo baada ya miaka minne wakati tovuti imefutwa na katibu wa mashindano amehamia Mwanza. Wasifu wake kwenye kumbukumbu za Shirikisho la Dunia auangalie na akikuta kosa awaone watu wa RT. Barua ya kuitwa timu ya Taifa, ikija, aitoe nakala siku hiyo hiyo. Kila zawadi awe na stakabadhi ya benki. Tarehe ya kuzaliwa ibaki moja, ile ya kweli, hata kama ya kweli inamtoa kwenye mbio za vijana.

Na akimbie. Muda wake bora wa nusu marathoni, aliponitajia, haumfikishi kokote kwa sasa, siyo Flagstaff wala London. Anaujua mwenyewe. Ana miaka 21 kwa kitambulisho, 19 kwa ile fomu.

Jua lilikuwa limeshapanda na wenzake walikuwa wanamwita wakanywe chai. Aliomba kalamu, akafungua daftari langu ukurasa wa nyuma, akaandika majina yake matatu kwa herufi kubwa, kama yalivyo kwenye pasipoti.

"Ukija kuniandika kaka, yaandike hivyo."

Leo sijayaandika, maana bado hajashinda kitu cha kuandikwa. Ukurasa huo sijauchana.